Gari la Magurudumu Manne Lililokwisha Tumika: Namna ya Kulichagua Kisayansi

Kila gari la kawaida lina magurudumu manne. Kinachotofautisha gari moja na jingine, linapofika kwenye tope, ni idadi ya magurudumu yanayopokea nguvu za injini. Katika magari mengi ya mjini injini huzungusha magurudumu mawili tu, ya mbele au ya nyuma, na yale mengine hufuata kama magurudumu ya mkokoteni. Katika gari ambalo mitaani huitwa “fowili”, injini inaweza kuyazungusha yote manne. Magari ya namna hii yalienea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili: Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na gari la Toyota lililokuja kuitwa Land Cruiser lilianza mwaka 1951.

Mwalimu anayeishi mji mdogo na kufundisha kijijini, mganga wa zahanati, au bwana shamba anayezunguka kata tatu, aghalabu huweka akiba kwa miaka mingi ili apate gari kama hili. Jipya limo nje ya uwezo wake. Hununua lililokwisha tumika, na mara nyingi limetoka Japani. Hulitazama rangi, husikiliza injini, hukaa kitini, kisha hulipa. Masika yakifika, gari linakwama mahali pale pale ambapo basi la abiria hukwama. Mambo yanayoamua kama gari litapita au halitapita yamefichika chini ya bodi, na karibu yote huelezwa na fizikia na kemia inayofundishwa katika shule za sekondari.

Hebu tuanze na faida yenyewe. Tuchukue gari lenye tungamo la kilogramu 2,000, yaani uzito wa newtoni 20,000 hivi, ambao nusu yake umebebwa na ekseli ya mbele na nusu na ekseli ya nyuma. Juu ya mfinyanzi uliolowa, tukadirie kuwa kani ya msuguano haiwezi kuzidi sehemu moja ya tano ya uzito unaoyakandamiza magurudumu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake litapata newtoni 2,000 za kulisogeza mbele, wala si zaidi, hata injini yake iwe na nguvu za trekta. Kwenye mteremko unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, uzito wa gari hulivuta nyuma kwa newtoni 2,000 vilevile. Hapo ndipo litakapoanza kuteleza. Likisukumwa na magurudumu yote manne litapata newtoni 4,000, na litaweza kupanda mteremko wa mita 20 kwa kila mita 100. Faida ni mara mbili, na haikutokana na injini. Imetokana na uzito ambao kwanza ulikuwa unabebwa bure.

Inafaa kusema hapa, kwa kuwa wengi husahau, kwamba faida hiyo haipo wakati wa kusimama. Kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Dereva wa fowili huondoka upesi kwenye utelezi, lakini husimama katika umbali ule ule wa gari la kawaida lenye matairi kama yake, na pengine mbali zaidi kama gari lake ni zito na breki zimechoka.

Lakini hesabu iliyotangulia ina sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji, nalo linahusu difu. Gari linapopiga kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Kama yangekuwa yamefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburura. Kwa hiyo katikati ya ekseli huwekwa mpangilio wa gia unaoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alikwisha kuutumia kwenye gari la mvuke katika miaka ya 1820. Ubaya wake ni huu: difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa pande zote mbili. Gurudumu moja likining’inia hewani au likizama katika uji wa tope, linahitaji nguvu kidogo sana ili lizunguke. Basi na gurudumu la pili, hata likiwa juu ya mwamba mkavu, hupata kiasi hicho hicho kidogo. Moja linazunguka kama pia, jingine limetulia, na gari haliendi popote.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili. Gari lizimwe na kuachwa katika gia, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigingi imara, ekseli ya nyuma iinuliwe na kuegemezwa juu ya stendi za chuma (jeki peke yake haitoshi), kisha breki ya mkono iachiwe. Gurudumu moja la nyuma likizungushwa kwa mkono kwenda mbele, la pili litazunguka kurudi nyuma. Mnunuzi naye hujifunza kitu kwa jaribio hilo. Yakizunguka yote mawili upande mmoja, au yakikataa kabisa kuzunguka, huenda difu hiyo ina kifaa cha kupunguza utelezi au kifungio kinachoyafanya magurudumu mawili yazunguke kama moja. Baadhi ya Land Cruiser zimetoka kiwandani na kifungio hicho, na kwa anayepita kwenye makorongo thamani yake hupita ile ya injini kubwa.

Kati ya ekseli mbili nako kuna mambo. Katika fowili za zamani, na baadhi ya za sasa, kuna mkono mdogo wa gia kando ya ule mkubwa, au kitufe kifanyacho kazi yake. Ukiunganishwa, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka sawa. Kwenye tope ni jambo jema. Kwenye lami kavu ni hatari kwa gari, na nadharia ya Pythagoras inaonyesha sababu. Tuseme umbali kati ya ekseli mbili ni mita 2.7, na gari linapiga kona ambayo katikati ya ekseli ya nyuma huchora duara lenye nusu kipenyo cha mita 6. Nusu kipenyo cha duara la ekseli ya mbele kitakuwa kipeuo cha pili cha 36 jumlisha 7.29, nacho ni mita 6.58. Magurudumu ya mbele yatasafiri mbali zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwenye udongo laini matairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikaisha. Kwenye lami haina pa kwenda, na hujilimbikiza katika shafti na meno ya gia hadi kitu kivunjike.

Maarifa hayo hutoa jaribio zuri la ununuzi. Gari lipelekwe kwenye uwanja wa nyasi au udongo mlegevu, ekseli ya mbele iunganishwe (magari mengine ya zamani yana vifungo vya mkono kwenye habu za mbele, navyo vifungwe kwanza), kisha gari lizungushwe polepole huku usukani umekatwa hadi mwisho. Usukani ukiwa mzito na gari likionekana kama linajizuia, ekseli ya mbele inafanya kazi. Likizunguka kwa wepesi ule ule kama kwamba hakuna kilichobadilika, basi taa inayowaka kwenye dashibodi haina maana. Jaribio hili halihusu magari yenye difu ya tatu katikati, kama vile Land Rover Defender na Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 80. Hayo huendeshwa kwa magurudumu yote manne wakati wote, na yakiingia kwenye utelezi difu ya katikati ndiyo inayofungwa.

Magari mengi ya siku hizi yenye umbo la fowili, mathalani Toyota RAV4 iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, hayana mkono mdogo wala gia nzito ya pili. Gia nzito hiyo hupunguza mwendo na kuzidisha nguvu ya kuzungusha kwa mara mbili, au zaidi ya mara tatu katika baadhi ya magari. Kazi yake si kupanda tu, kama wengi wadhanivyo, bali pia kushuka: gari hushikwa na injini yake lenyewe, na breki hubaki baridi. Kwa mtu ambaye njia yake ni barabara ya changarawe yenye mashimo, RAV4 yenye matairi mazuri inamtosha na itamla petroli kidogo. Kwa anayeteremka Milima ya Uluguru wakati wa mvua kila juma, haimtoshi.

Matairi ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi, na ni ajabu jinsi wanunuzi wanavyoyapita. Kanieneo linalowekwa na tairi juu ya ardhi hukaribia lile la hewa iliyomo ndani yake. Gari letu la newtoni 20,000 lenye upepo wa kilopaskali 220 hugusa ardhi kwa eneo la sentimita mraba 900 hivi, kiasi cha sentimita mraba 225 kwa kila tairi. Upepo ukipunguzwa hadi kilopaskali 110, eneo hukaribia kuongezeka mara mbili, na gari lililokuwa linazama katika mchanga wa korongo hupita juu yake. Upepo urudishwe mara baada ya kutoka, maana tairi laini likienda mbio hupata joto na kupasuka. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na bonde la Wembere, una tabia nyingine. Mfinyanzi wake hunywa maji na kuvimba, kisha hunata na kuziba mifereji ya tairi mpaka tairi lenye meno linakuwa kama kipara. Hapo hutakiwa meno makubwa yaliyoachana, yanayoweza kuutupa udongo yanapozunguka. Umri wa tairi husomwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mathalani 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Raba huzeeka kwa oksijeni na ozoni hata kama haikutembea kilometa moja.

Sasa mnunuzi alale chini ya gari akiwa na tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Fowili nyingi za kazi hujengwa juu ya chasisi, yaani ngazi ya chuma inayobeba injini, ekseli na bodi. Injini iliyochoka hubadilishwa. Chasisi iliyooza humaliza gari. Chuma hushika kutu panapokuwa na maji na oksijeni, na chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na ayoni za kloridi huharibu utando unaokinga chuma. Katika mikoa ya baridi ya Japani chumvi hunyunyizwa barabarani ili kuyeyusha theluji, nayo hurushwa na matairi mpaka ndani ya chasisi. Gari lililoishi Hokkaido linaweza kuwa na bodi inayong’aa na mifupa iliyoliwa. Kwenye hati za minada ya Japani kutu huandikwa kwa herufi S, na kutu iliyokwisha kula chuma kwa herufi C. Mnunuzi aidai hati hiyo. Vilevile gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam karibu na ufuko halina budi kutazamwa kwa jicho hilo hilo.

Chasisi igongwe polepole kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito kama ya ubao. Bisibisi isukumwe kwenye viungio, kwenye mashikio ya springi, na juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hukaa miezi mingi bila kukauka. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu isimfurahishe mtu. Kwa bodi, sumaku iliyofungwa kitambaa hutosha: mahali isiponata pameziba kwa poda ya fundi, au pametengenezwa kwa aluminiamu, kama bodi ya Land Rover za zamani.

Oili za difu nazo husema. Zikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na huenda gari limezamishwa mtoni. Maji hayo yakiingia kwenye injini inayozunguka ni msiba, kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa: pistoni inapopanda hukutana na kitu kisichokubali, na konrodi hupinda. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma ni maji, au dizeli isiyoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Kilometa zilizoandikwa kwenye dashibodi zilinganishwe na pedali na usukani, kwa maana tarakimu hurudishwa nyuma kwa urahisi, raba iliyolika hairudi.

Wale wanaokusudia kulipeleka gari porini mwisho wa juma, pengine na wanafunzi wa jiografia, wakumbuke kitovu cha uzito. Gari lenye upana wa mita 1.4 kati ya magurudumu, na kitovu kilicho mita 0.7 juu ya ardhi, kwa hesabu huanguka likiinama ubavu nyuzi 45. Mizigo ikipangwa juu ya paa na kitovu kikapanda hadi mita 0.85, huanguka kabla ya nyuzi 40. Katika hali halisi springi huinama na hatari huja mapema kuliko hesabu. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu ili lipendeze ni la kuepukwa.

Kati ya magari yanayopatikana, Suzuki Jimny ni jepesi, lina chasisi na gia nzito, na hupita pengi ambapo magari makubwa huzama; lakini watu wanne na mizigo yao hawatoshi vizuri. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, ina bei kubwa hata ikiwa kuukuu, kwa sababu vipuri vyake na mafundi wake hupatikana hata wilayani. Defender hutengenezeka kirahisi na huvuja kirahisi. Utengenezaji wake wa asili ulikoma mwaka 2016. Injini za dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika huvumilia mafuta ya kwenye pipa kuliko za kisasa, ambazo sindano zake huharibiwa na maji kidogo tu.

Bei yoyote itakayokubaliwa, sehemu ya fedha ibakizwe. Kabla gari halijaanza kazi, oili zibadilishwe mahali pote: injini, giaboksi kubwa, giaboksi ndogo, difu ya mbele na difu ya nyuma. Na mpira mdogo wa kupumulia ulio juu ya kila ekseli uongezwe urefu mpaka karibu na boneti, ili difu yenye joto ikiingia mtoni na hewa yake ikasinyaa, ivute hewa badala ya maji.