Je, Wajua? Mtoto wa Mbwa Yatima Huhitaji Joto Kabla ya Maziwa

Je, wajua kwamba maziwa unayompa mtoto wa mbwa aliyepigwa na baridi yanaweza kuwa ndiyo yatakayomuua? Mbwa jike anagongwa na gari, au anakufa akizaa, na nyuma yake wanabaki watoto watano au sita wanaolia ndani ya boksi. Huruma inatupeleka moja kwa moja jikoni: maziwa ya ng'ombe yanapashwa moto, kijiko kinaingizwa mdomoni, na kabla ya jioni watoto wanaanza kulegea mmoja baada ya mwingine.

Huruma yenyewe si haba kwetu. Kote pwani inajulikana hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa na kiu. Lakini mtoto mchanga wa mbwa anadai huruma iliyoongezewa maarifa. Mama yake alikuwa na kazi nyingi, na kunyonyesha ni mojawapo tu. Anayeshika chupa ameshika kazi hizo zote, na hana budi kuzifanya kwa mpangilio wake.

Anazaliwa kabla hajakamilika

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kwa mbwa ni hivyo hasa. Mimba yake huchukua siku 63 hivi, na anayezaliwa ana macho yaliyofumba, matundu ya masikio yaliyoziba na miguu isiyoweza kubeba mwili. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Masikio hufuata siku chache baadaye. Mpaka hapo anaishi kwa kunusa, kugusa na kuhisi joto. Hujiburuza kwa tumbo huku akipeleka kichwa kushoto na kulia, mpaka pua iguse kitu laini chenye joto. Akishakipata, husukuma kwa kichwa na kuanza kutafuta chuchu.

Moyo wake hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika, na takriban asilimia 90 ya siku yake ni usingizi. Mtazame akiwa amelala: miguu inashtuka, midomo inachezacheza, ngozi ya mgongo inatikisika. Usiingiwe na wasiwasi. Mishtuko hiyo ni sehemu ya ukuaji wa misuli na neva. Mwenye afya hushtukashtuka hivyo. Wa kumwangalia kwa jicho la pili ni yule aliyelala bila kutikisika kabisa, au anayelia mfululizo bila kunyamaza.

Kazi ya kwanza ya mama: joto

Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39. Mtoto wa wiki ya kwanza huwa na nyuzi 35 hadi 37, na hawezi kulilinda hata hilo dogo. Bado mwili wake haujaanza kutetemeka ili kuzalisha joto, chini ya ngozi hana mafuta ya kutosha, na kwa udogo wake hupoa upesi mno. Ndiyo maana ndugu hulala wamelundikana.

Akipoa, mambo huharibika kwa mfuatano. Moyo hupunguza mwendo. Hamu ya kunyonya hutoweka. Utumbo nao husimama, hivyo maziwa yaliyomiminwa tumboni hayasagwi, bali hukaa humo yakimletea madhara, au hurudi juu na kuingia mapafuni. Kwa hiyo kabla ya kumpa chochote, mwingizie ncha ya kidole safi mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, weka chupa pembeni. Mpashe joto polepole, kwa saa moja hadi tatu: mkumbatie kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, au mlaze karibu na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Usimpashe kwa pupa. Ngozi yake huungua kirahisi, na joto la ghafla humtesa moyo.

Katika wiki ya kwanza boksi lake linahitaji nyuzi 29 hadi 32, kisha joto lipunguzwe kidogo kidogo mpaka karibu nyuzi 24 afikapo wiki ya nne. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa huweza kulitoa joto hilo bure. Usiku wa Njombe au Limuru hauwezi. Popote ulipo, weka chanzo cha joto upande mmoja tu wa boksi, ili anayezidiwa aweze kujiburuza kwenda upande wa pili.

Maziwa gani, na kiasi gani?

Maziwa ya mbwa ni mazito. Protini na mafuta yake ni takriban maradufu ya yale ya ng'ombe, na sukari yake ya laktosi ni kidogo zaidi. Mtoto anayenyweshwa maziwa matupu ya ng'ombe hujaza tumbo bila kupata anachohitaji, na laktosi iliyozidi humharisha. Kwa mwili wenye maji mengi na figo ambazo hazijakomaa, kuharisha kwa siku moja tu ni hatari kubwa. Maziwa ya mbuzi hayatofautiani sana na ya ng'ombe. Yanayofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, na kama hayajapatikana, daktari wa mifugo atakuelekeza mchanganyiko wa dharura wa kuvusha siku hiyo.

Kuna maziwa mengine ambayo hayana mbadala kamili dukani: dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Kondo la mbwa hupitisha kingamwili chache sana mtoto akiwa tumboni. Sehemu kubwa ya kinga huja kwa dang'a, na utumbo wa mtoto huweza kuzifyonza kingamwili hizo katika saa 24 za mwanzo tu. Baada ya hapo mlango hufungwa. Aliyefiwa na mama kabla ya kunyonya anaanza maisha bila ngao, hivyo mikono inayomshika na vyombo vyake lazima viwe safi kila mara.

Tumbo lake hubeba takriban mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito. Mwenye gramu 300 atatosheka na mililita 12, vijiko viwili na nusu vya chai, na atahitaji kiasi hicho kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, katika wiki ya kwanza. Wiki zinazofuata mwanya huongezeka.

Namna ya kumshika ndiyo inayookoa au kuua. Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Mlaze kifudifudi juu ya taulo, kichwa kikiinuka kidogo, kama ambavyo angelala kwenye tumbo la mama yake. Pasha maziwa yafikie joto la mwili, nyuzi 38 hivi, kisha gusisha chuchu kwenye mdomo wake umwache aivute mwenyewe. Ulimi utajikunja kuizunguka chuchu, masikio yatasogea kila anapovuta, na vikono vya mbele vitaanza kukandakanda taulo. Usiibinye chupa ili kumharakisha. Ukiona mapovu ya maziwa puani, acha papo hapo na uinamishe kichwa chake, kwani maziwa yakiingia mapafuni huleta nimonia.

Ulimi wa mama na mzani wa jikoni

Mtoto mchanga wa mbwa hawezi kukojoa wala kupata choo peke yake. Mama humlamba chini ya tumbo na nyuma, na ulimi huo ndio unaoamsha misuli ya kutoa haja. Mlezi hutumia pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu, akimpangusa taratibu kila anapomlisha, mpaka afikishe kama wiki tatu. Ukiisahau kazi hii, kibofu hujaa na mtoto huteseka hata kama maziwa ni bora.

Mpime kila siku, saa ileile, kwa mzani wa jikoni, na uandike. Anatakiwa kuongezeka kila siku kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito aliozaliwa nao. Uzito ukisimama siku nzima, tatizo limeshaanza hata kama macho hayalioni. Usingoje kesho kumwita daktari.

Mama wa kambo na somo la ndugu

Bora kuliko chupa zote ni mbwa mwingine anayenyonyesha. Watoto wakiwa bado wachanga, na wakipakwa harufu ya watoto wake, mbwa jike wengi huwapokea, ilimradi usimamie mikutano ya mwanzo. Hata asiyezaa anaweza kuwa na maziwa: wiki kadhaa baada ya kipindi chao cha kutaka kupandwa, baadhi ya majike huvimba matiti kana kwamba walibeba mimba. Nguchiro wadogo wa Serengeti wanajulikana kwa jambo hilohilo. Majike wasiozaa hutoa maziwa na kuwanyonyesha watoto wa wenzao.

Kazi ya mwisho ya familia ni malezi. Mwaka 1961 watafiti wa Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba watoto wa mbwa waliokaa mpaka wiki ya 14 bila kukutana na binadamu walibaki waoga na wagumu kuzoeleka. Kwa upande mwingine, aliyelelewa na watu peke yao hakosi ugumu: ndugu ndio humfundisha, kwa kulia na kukataa kucheza, kwamba meno yana mpaka. Basi usiwatenganishe, na kuanzia wiki ya tatu wazoeze sauti, mikono na wageni.

Hapohapo kuna wajibu wa afya. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama, na minyoo hiyo huweza kumpata binadamu. Dawa huanza wakiwa na wiki mbili. Chanjo za mwanzo huanza wiki ya sita hadi ya nane, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida wafikapo miezi mitatu. Ikiwa mama alikufa baada ya kubadilika tabia, kutokwa mate au kung'ata ovyo, usiwashike watoto kwa mikono mitupu. Mwite daktari wa mifugo kwanza.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inamhusu kila jirani. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na wataalamu wanasema ugonjwa hukatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa. Mbwa koko aliyekua kwa hofu, bila mtu wa kumshika apate sindano, ndiye asiyefikiwa na kampeni hizo. Yatima aliyepashwa joto, akalishwa, akazoezwa watu na kuchanjwa huiongeza hesabu ya mbwa salama, na aliyekesha naye amewahudumia watoto wa mtaa mzima.