Kompyuta ya Injini (2): Kusoma na Kubadilisha Ramani Zake

Ramani ya injini ni jedwali la namba lililohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroliboksi. Upande mmoja wa jedwali umepangwa kwa kasi ya injini, yaani mizunguko ya krenki kwa dakika. Upande wa pili umepangwa kwa mzigo, yaani kiasi cha hewa kinachoingia kwenye silinda kila inapovuta. Pande hizo zinapokutana pana namba moja, na namba hiyo ndiyo amri: plagi itoe cheche nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu kabisa, nozeli ikae wazi kwa muda gani, turbo isukume hewa kwa shinikizo lipi. Injini ya kisasa ina mamia ya ramani za namna hii, na nyingi zipo ili kuziwekea nyingine mipaka.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na kabureta pamoja na distribyuta, ambayo vyuma vyake vidogo vilisogea nje kwa kani ya mzunguko na kuwahisha cheche. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ilitoa mfumo wa Motronic, uliofungwa kwanza kwenye BMW 732i, na kompyuta moja ikashika mafuta na cheche kwa pamoja. Kuanzia hapo cheche ya mizunguko 2,000 iliweza kupangwa bila kugusa ile ya mizunguko 4,000, jambo ambalo springi na vyuma havikuliweza.

Jedwali haliwezi kubeba kila hali, kwa hiyo kompyuta hukadiria. Tuseme cheche imepangwa nyuzi 24 kwenye mizunguko 3,000 na nyuzi 27 kwenye 3,500. Injini ikizunguka mara 3,250, itapewa nyuzi 25.5. Kwa kuwa jedwali lina pande mbili, hesabu hiyo hutumia namba nne jirani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana namba moja ikibadilishwa, athari yake huenea pande zote za kisanduku chake, na ndiyo maana mpangaji makini hukwepa kuacha shimo au kilima cha ghafla katikati ya ramani.

Kinachopatikana baada ya kusoma kumbukumbu ya kompyuta hakifanani kabisa na jedwali. Katika kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980, chipu kama 27C256 yenye kilobaiti 32 ilichomolewa kwenye soketi yake na kusomwa kwa kifaa cha mezani. Miaka kumi baadaye kumbukumbu zilifikia kilobaiti 512 na zaidi, nazo zikawa zinasomwa kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi. Kwa njia zote mbili hutoka mfululizo mrefu wa namba usio na jina, kichwa wala kipimo. Mtengenezaji anayo faili ya maelezo, ya aina inayojulikana kama A2L, inayotaja anwani ya kila ramani na kanuni ya kugeuza namba zake kuwa nyuzi, miligramu au asilimia. Faili hiyo haitolewi kwa kila mtu. Asiyekuwa nayo huanza na kitu kimoja tu: umbo.

Faili nzima ikichorwa kama mstari, sehemu zenye maagizo ya programu huonekana kama vurugu isiyo na mpango. Palipo na ramani mstari hutulia na kuwa mawimbi yanayofanana, kila moja likipishana kidogo na lililotangulia. Urefu wa wimbi ni idadi ya visanduku katika safu moja: wimbi likijirudia kila baada ya namba 16, jedwali lina safu za visanduku 16. Mara nyingi kabla ya mawimbi hayo pana mifuatano miwili mifupi ya namba zinazopanda bila kurudi nyuma. Hiyo ndiyo mihimili ya jedwali.

Kisha hufuata kanuni ya kugeuza. Katika mfumo wa Bosch ME7, uliofungwa kwenye magari mengi ya Ulaya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, baiti moja ya kasi huzidishwa kwa 40. Baiti iliyoandikwa 4B kwa hekzadesimali ni 75, na 75 mara 40 ni mizunguko 3,000. Nyuzi za cheche huzidishwa kwa 0.75, hivyo baiti 28, ambayo ni 40 katika hesabu ya kawaida, humaanisha nyuzi 30. Namba zinazohitaji baiti mbili zina mtego wake. Prosesa ya C167 iliyomo katika mfumo huo hutanguliza baiti ndogo, hivyo 3,000 huhifadhiwa kama B8 0B. Anayeisoma kwa mpangilio wa kinyume hupata 47,115. Hakuna injini ya gari la barabarani inayozunguka hivyo, kwa hiyo kosa hilo hujitangaza lenyewe.

Umbo peke yake halithibitishi ramani ni ya nini. Uthibitisho wa kwanza hutoka kwenye tabia ya injini. Moto huhitaji muda kuenea ndani ya silinda, kwa hiyo kasi ikipanda cheche huwahishwa. Mzigo ukipanda mchanganyiko huwa mzito, huungua haraka na kuongeza hatari ya injini kugonga, kwa hiyo cheche hucheleweshwa. Jedwali linalopanda kuelekea kasi kubwa na kushuka kuelekea mzigo mkubwa karibu kila mara ni la cheche. Uthibitisho wa pili ni kulinganisha faili mbili za injini ileile, moja ya toleo lenye nguvu kidogo na nyingine ya toleo lenye nguvu zaidi: namba zinazotofautiana huonyesha mahali ambapo kiwanda chenyewe kiliipanga nguvu. Njia ya uhakika zaidi, na yenye kuchosha zaidi, ni kuyachambua maagizo ya prosesa hadi kuona ni sensa ipi inayosomwa kabla ya jedwali kuulizwa. Programu ya Ghidra, iliyotolewa bure kwa umma na shirika la usalama la NSA la Marekani mwaka 2019, imewafungulia wengi kazi hiyo.

Uzito wa ujuzi huu ulidhihirika katika kashfa ya Volkswagen. Tarehe 18 Septemba 2015 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliituhumu kampuni hiyo kwa kufunga programu iliyopunguza moshi wenye sumu wakati wa majaribio tu. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Desemba mwaka huohuo, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini Hamburg, mmoja wao, Felix Domke, alionyesha alichokikuta alipoichambua kompyuta ya gari la aina hiyo. Udanganyifu ulikuwa umekaa ndani ya namba za kawaida. Kulikuwa na mistari ya mipaka iliyolinganisha umbali uliosafiriwa na muda tangu injini iwashwe. Jaribio rasmi la Ulaya la wakati huo lilidumu sekunde 1,180 na kufika karibu kilomita 11, na mistari hiyo ilibana mwendo wa jaribio pande zote mbili. Gari likibaki kati ya mistari, kompyuta iliendelea na mpango safi. Likitoka nje, ilihamia mpango mwingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum na cha California mjini San Diego walitengeneza programu ya kutafuta mistari ya namna hiyo yenyewe, wakaikuta katika mamia ya matoleo. Bila watu wanaoweza kusoma faili zisizo na majina, mnunuzi asingekuwa na cha kushika kuhusu kilichomo ndani ya kompyuta isipokuwa neno la muuzaji.

Kubadilisha ramani huanza kwa kujua ni ipi inayotawala kwa wakati husika. Injini ya dizeli yenye turbo inatoa mfano ulio wazi. Dereva akikanyaga mafuta, ramani ya pedali huomba, tuseme, miligramu 55 za dizeli kwa kila mpigo. Ramani ya kuzuia moshi huona kuna miligramu 850 za hewa na kuruhusu 50 tu, ili uwiano wa hewa na mafuta usishuke chini ya 17. Ramani ya nguvu ya mzunguko (torki) huruhusu 52. Kompyuta huchukua iliyo ndogo kuliko zote, kwa hiyo zinapulizwa 50. Anayepandisha 52 hadi 60 hatapata chochote. Anayefuta kizuizi cha moshi atapata nguvu kidogo na moshi mweusi mwingi, kwa kuwa mafuta yaliyoongezwa hayana hewa ya kuungua nayo. Anayetaka nguvu ya kweli lazima aongeze hewa kwanza, kisha mafuta, kisha ainue mipaka kwa kiasi hichohicho. Katika mifumo ya petroli inayopanga kila kitu kwa nguvu ya mzunguko, kama ME7, kuna pia hesabu ya pili inayoichunga ya kwanza. Nguvu inayokadiriwa ikizidi iliyoombwa, throto hufungwa hata kama turbo imeamriwa kusukuma zaidi.

Namba za kiwandani zina akiba ndani yake: ya joto kali, kichujio kichafu, mafuta hafifu na mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Mombasa. Turbo inayotakiwa kufikia shinikizo lilelile kamili lazima izunguke kwa kasi zaidi huko juu. Faili iliyonakiliwa kutoka kwa mtu wa pwani inaweza kuitumia akiba hiyo yote bila mwenye gari kujua.

Yapo mabadiliko ambayo lengo lake ni kuiokoa injini. Magari ya turbo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, zikiwamo Subaru Impreza zinazopendwa Kenya, yalipangiwa petroli ya daraja la juu ya huko, inayofikia okteni 98 hadi 100. Likiwekewa petroli ya okteni ya chini, gari la namna hiyo hutegemea sensa ya kugonga iahirishe cheche kila injini inaposikika ikigonga. Kupunguza nyuzi chache kwenye visanduku vya mzigo mkubwa, na kushusha shinikizo la turbo kidogo, huzuia kugonga kabla hakujatokea na kuziepusha pistoni kupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi. Kazi hii haiongezi hata farasi mmoja, na pengine ndiyo inayofaa kuliko zote. Kizuizi cha kilomita 180 kwa saa katika magari mengi ya Japani ni jambo jepesi zaidi, kwa kuwa kwa kawaida hutawaliwa na namba moja tu.

Faili ikishabadilishwa, jumla yake ya uhakiki lazima ihesabiwe upya. Kompyuta hujumlisha namba zake na kulinganisha na jibu lililohifadhiwa; visipolingana, huandika hitilafu au hukataa kuwasha injini. Kompyuta za karibuni huongeza sahihi ya kidijitali isiyoweza kutengenezwa bila ufunguo wa kiwanda, na baadhi hazifunguki mpaka kasha lifunuliwe. Wakati wa kuiandika faili kwenye kompyuta, umeme ukikatika au betri ikilegea, kumbukumbu inaweza kubaki nusu mpya nusu tupu, kwa hiyo chaja thabiti huunganishwa kabla ya kuanza na faili ya awali huhifadhiwa pembeni. Safari ya kwanza hufanywa kifaa cha kurekodi kikiwa kimeunganishwa, kikisoma uwiano wa hewa na mafuta, shinikizo la turbo, joto la ekzosi na nyuzi ambazo sensa ya kugonga imelazimika kuzirudisha. Nyuzi hizo zikiongezeka penye mzigo mkubwa, namba za eneo hilo hushushwa na kipimo hurudiwa.