Uteuzi wa Tumbaku: Jinsi Jani Linavyopewa Daraja

Mwanafunzi wa Kimandolu, mjini Arusha, aghalabu huifahamu tumbaku kutokana na kikopo cha ugoro cha mzee wa Kiarusha au wa Kimaasai. Ugoro huo huchanganywa na magadi, nayo magadi, kwa kuwa ni alikali, huiachilia nikotini ipenye upesi katika utando wa pua. Lakini jani lililokwisha kusagwa haliwezi tena kuonyesha lilichumwa sehemu gani ya mtumbaku. Kwa mkulima wa tumbaku ya mvuke huko Urambo, mkoani Tabora, ambako zao hili lilishika mizizi baada ya kushindwa kwa mpango wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947, jambo hilo ndilo la kwanza kuulizwa.

Chanzo chake ni umri wa majani. Aliyeitazama migomba ya miteremko ya Mlima Meru ajua kwamba majani ya chini ndiyo yanayogeuka manjano kwanza. Mtumbaku nao huiva kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo huchumwa kwa awamu, majani machache kila mara. Majani ya chini huwa mepesi, tena yana mchanga uliorushwa na matone ya mvua. Ya juu ni mazito na makali, kwa sababu nikotini hutengenezwa mizizini, ikapanda na kujikusanya zaidi huko, hasa mtumbaku ukiisha kukatwa ua lake. Mkulima asiyechanganya mavuno ya awamu mbili amekwisha kufanya nusu ya uteuzi kabla hajawasha moto.

Rangi huamuliwa ndani ya bani. Kwanza joto huwekwa kwenye nyuzi 35 hadi 38 hivi za Selsiasi, katika hewa yenye unyevu. Jani lililochumwa bado li hai: klorofili huvunjika, umanjano uliokuwa umefichika hujitokeza, na vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari. Kisha joto hupandishwa polepole hadi ubapa wa jani ukauke, na mwishowe hufika nyuzi 70 hivi ili mshipa mkuu nao ukauke. Anayeharakisha moto hulikausha jani lingali kijani, na kijani hicho hakitoki tena. Anayechelewa kupandisha joto hupata jani la kahawia, kwa kemia ile ile inayokifanya kiazi kilichomenywa kiwe cheusi: vimeng'enya vinavyofanya kazi kwa msaada wa oksijeni ya hewani.

Jani likitoka banini huvunjika kwa kuguswa tu, basi huachwa lifyonze unyevu wa hewa mpaka lilainike. Ndipo familia huketi kuchambua, na yafaa wafanye hivyo kwa mwanga wa mchana, maana taa ya mafuta huyafanya majani ya manjano ya limau na yale ya rangi ya chungwa yafanane. Macho hutafuta madoa na matundu ya wadudu. Vidole hupima uzito na ulaini. Ni kazi ya kuchosha, yenye vumbi, nayo hufanywa jani kwa jani. Yanayofanana hufungwa pamoja katika robota.

Sokoni, mteuzi wa Bodi ya Tumbaku hulikagua robota mbele ya mnunuzi na kulipa alama, mathalani L1O: herufi ya kwanza ni nafasi ya jani kwenye mtumbaku, tarakimu ni ubora, na herufi ya mwisho ni rangi, yaani chungwa. Kazi ya msimu mzima, pamoja na deni la mbolea, huamuliwa hapo kwa muda mfupi sana. Si kila ubishi wa mkulima na mteuzi hutokana na hila, kwani kati ya limau na chungwa hapana mpaka ulio dhahiri. Hata hivyo mkulima ana haki ya kuuliza robota lake limeshushwa kwa sababu gani. Likiwa limechanganyika, laweza kufunguliwa na kuchambuliwa upya. Likiwa na unyevu mwingi, laweza kukaushwa kabla halijaota ukungu. Likiwa la kijani, hana la kufanya ila kuuangalia moto wake msimu ujao.