Matumizi ya Folati Sambamba na Dawa za Sonona: Ufafanuzi wa Utendaji na Ushahidi

1.0 Utangulizi

Wagonjwa wengi wa sonona hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa ya kwanza wanayoandikiwa. Hali hiyo imewafanya watafiti kuchunguza iwapo folati, vitamini ya bei nafuu, inaweza kuipa dawa nguvu zaidi. Makala haya yanafafanua msingi wa dhana hiyo, yanapima ushahidi wake, na kuonesha tahadhari zinazohusu mazingira ya Afrika Mashariki.

2.0 Utendaji wa Folati

Folati hupatikana katika mboga za majani, maharage na maini. Asidi foliki ni umbo lake la viwandani, ambalo mwili huligeuza hatua kwa hatua kuwa methilifolati. Hatua ya mwisho husimamiwa na kimeng'enya cha MTHFR, ambacho kwa baadhi ya watu huwa dhaifu kutokana na urithi. Methilifolati, ikishirikiana na vitamini B12, hugeuza homosisteini kuwa methionini, ambayo nayo huchangia michakato mingi ya kikemia katika ubongo. Aidha, folati inahusiana na tetrahidrobiopterini, kisaidizi cha vimeng'enya vinavyounda serotonini na dopamini. Kwa kuwa dawa nyingi za sonona haziundi serotonini bali huzuia isirejeshwe haraka ndani ya seli za neva, inadhaniwa kwamba upungufu wa folati huiacha dawa ikihifadhi kilicho kidogo.

3.0 Ushahidi wa Majaribio

Mwaka 1990, Godfrey na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa sonona na skizofrenia waliokuwa na folati pungufu katika seli nyekundu za damu. Waliopewa miligramu 15 za methilifolati kila siku kwa miezi 6, pamoja na tiba yao ya kawaida, walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Mwaka 2000, Coppen na Bailey waliripoti jaribio la wagonjwa 127 waliotumia miligramu 20 za fluoksetini. Nusu yao waliongezewa mikrogramu 500 za asidi foliki kwa wiki 10. Wanawake walinufaika waziwazi; wanaume hawakunufaika. Homosisteini nayo ilipungua kwa wanawake, ilhali kwa wanaume haikupungua kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu.

Mwaka 2012, Papakostas na wenzake nchini Marekani walichunguza wagonjwa ambao dawa zao hazikuwasaidia vya kutosha. Methilifolati ya miligramu 7.5 haikuleta tofauti, lakini ile ya miligramu 15 ilileta.

Kinyume chake, jaribio kubwa zaidi kati ya haya, FolATED la Wales, lililochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha washiriki 475, halikuona faida yoyote ya miligramu 5 za asidi foliki.

4.0 Mjadala

Matokeo haya yanaonekana kupingana, lakini kila jaribio liliuliza swali lake. Godfrey aliwatibu wenye upungufu. FolATED iliwaondoa wenye upungufu. Papakostas aliwachagua walioshindwa na dawa. Umbo la folati na kipimo chake pia vilitofautiana. Hata hivyo, mikrogramu 500 zilisaidia pale ambapo miligramu 5 hazikusaidia. Kwa hiyo hoja kwamba kipimo kikubwa cha asidi foliki ni bora zaidi haina mashiko.

Suala la kipimo lina uzito wa pekee katika ukanda wetu. Kwanza, asidi foliki inaweza kurekebisha upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa vitamini B12 huku madhara ya neva yakiendelea kimyakimya. Pili, kipimo cha miligramu 5 hupunguza nguvu ya sulfadoksini-pirimethamini, dawa wanayopewa wajawazito kukinga malaria. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 0.4 kwao. Mjamzito mwenye sonona anayeongezewa folati bila uangalifu anaweza, basi, kupoteza kinga ya malaria kwa kutafuta nafuu isiyo na hakika. Tatu, folati hupunguza kiwango cha fenitoini katika damu ya mwenye kifafa.

5.0 Hitimisho

Ushahidi uliopo hauruhusu kumwandikia kila mgonjwa wa sonona folati. Unaruhusu jambo finyu zaidi: kupima folati na vitamini B12 kwa mgonjwa asiyepata nafuu, kutibu upungufu unapobainika, na kuendelea na dawa ya sonona bila kuikatiza. Folati ni nyongeza ya tiba. Haichukui nafasi yake.