Mashine ya CPAP Hutambuaje Kwamba Pumzi Imekatika?

Wagonjwa wengi wanaoanza kutumia mashine ya CPAP huamini kwamba kifaa hicho hukesha kikingojea pumzi ikatike, kisha hupuliza kwa nguvu ili kuirudisha. Imani hiyo ina madhara, kwani mtu akizinduka usiku na kusikia mashine ikivuma kwa upole tu, hudhani imeharibika na kuivua. Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya CPAP ni kuzuia.

Katika apnea ya kuziba, misuli ya koo hulegea wakati wa usingizi. Mtu anapovuta pumzi, kuta laini za koo hukutana, mfano wa mrija mwembamba unaobonyea mnywaji anapofyonza kwa nguvu. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza kwamba hewa yenye shinikizo dogo lisilokatika, ikipitishwa puani, huzitegemeza kuta hizo zisikutane. Shinikizo hilo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hutoa kati ya 4 na 20. Mashine ya kawaida hudumisha kiwango kimoja alichoagiza daktari. Ile inayojirekebisha hupanda na kushuka ndani ya mipaka iliyowekewa.

Mashine hii ya pili ndiyo inayolazimika kutambua hali ya mgonjwa, nayo hufanya hivyo kwa taarifa chache mno. Hailioni koo, haisomi mawimbi ya ubongo, na kwa kawaida haipimi oksijeni ya damu. Inachopima ni mtiririko wa hewa na shinikizo lake. Kutokana na hayo mawili husoma umbo la kila pumzi. Pumzi huru huchora kilima cha mviringo. Koo linapoanza kubana, kilele husawazika kama paa la tembe. Mkoromo nao huonekana kama mitetemo ya kasi katika shinikizo. Hizo ni dalili za mapema, na mashine huzijibu kwa kuongeza shinikizo kidogo kidogo kabla koo halijafunga. Hali ikitulia, hulishusha polepole.

Mtiririko ukikoma, au ukikaribia kukoma, kwa sekunde 10 au zaidi, tukio hilo huhesabiwa kuwa apnea. Hapo ndipo penye swali gumu: je, koo limeziba, au ubongo umeacha kutoa amri ya kupumua? Baadhi ya mashine hulitatua kwa namna ya kubisha hodi. Hutuma mawimbi madogo ya hewa, yapatayo 4 kwa sekunde katika aina mojawapo, au misukumo mifupi, kisha hupima kinachotokea. Njia ikiwa wazi, hewa husogea pamoja na mawimbi. Ikiwa imefungwa, shinikizo hubadilika ilhali hewa haisogei. Apnea ya koo lililo wazi haistahili kuongezewa shinikizo, maana hakuna cha kufunguliwa, na kwa baadhi ya wagonjwa nyongeza hiyo huzidisha matukio ya aina hiyo. Hata hivyo hodi si ushahidi kamili, kwa sababu koo huweza kufunga hata pale ambapo chanzo ni ubongo. Ripoti ikionyesha apnea nyingi za njia wazi, mgonjwa apelekwe kwa daktari, hasa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo au anayetumia dawa za jamii ya mofini.

Uvujaji wa hewa huvuruga hesabu zote hizi. Barakoa ina vitundu vya makusudi vya kutolea hewa iliyokwisha kutumika, na mashine hukadiria kiasi chake. Lakini mdomo ukiachama, au barakoa ikichakaa, dalili hufifia na mashine huweza kukosea. Kabla ya kugusa mipangilio ya shinikizo, mhudumu atazame kwanza uvujaji.

Inabaki ile namba ya asubuhi, wastani wa matukio kwa saa. Chini ya 5 kwa kawaida huchukuliwa kuwa matibabu yanafaa. Maabara ya usingizi hugawanya matukio kwa saa za usingizi. Mashine hugawanya kwa saa ilizowashwa, maana haijui kama mtu amelala au anatazama dari. Mtu aliye macho akizuia pumzi anapojigeuza, huenda likahesabiwa tukio. Na saa ambazo barakoa imevuliwa hazihesabiwi kabisa. Jambo hili la mwisho ni zito, kwa kuwa usingizi wa ndoto, ambao kwa wagonjwa wengi ndio huzidisha kuziba kwa koo, hukusanyika zaidi kuelekea alfajiri. Dereva anayeivua saa nane usiku huweza kuonyesha namba 2 inayopendeza, kisha akasinzia kwenye usukani mchana. Mhudumu anayepokea ripoti ya namna hiyo aanze kwa kuuliza barakoa ilivuliwa saa ngapi, na kwa nini.