Kambi ya watoto si ya kocha peke yake

MAZOEZI yamekwisha, jua linazama na mipira imeshafungwa kwenye wavu wake. Watoto wametawanyika makundi makundi kurudi makwao. Amebaki mmoja tu, wa miaka 12. Anakaa mbali kuliko wenzake, na kaka aliyepaswa kumfuata hajatokea.

Kocha ana pikipiki. Anamwambia dogo apande, amfikishe nyumbani.

Mara nyingi huo ni wema mtupu. Makocha wengi wa watoto mitaani hawalipwi. Chokaa ya kuchorea mistari wananunua wao, na siku nyingine hata maji ya kunywa yanatoka mfukoni mwao. Bila wao, viwanja vingi vya mchangani vingekuwa kimya.

Lakini hapo kwenye pikipiki ndipo swali linapoanza: nyumbani wanajua mtoto yuko na nani saa hizi? Kama jibu ni hapana, usalama wa mtoto huyo umebaki mikononi mwa mtu mmoja tu, na nguzo yake ni kwamba mtu huyo ni mwema. Akiwa si mwema, hakuna kingine kilichobaki cha kumlinda.

Ulinzi wa watoto michezoni unaanzia hapo. Haumhukumu kocha wala haumwoni kila mwanamume mwenye filimbi kuwa ni mshukiwa. Kinachotakiwa ni utaratibu ambao hata kocha akiwa mbaya, hapati nafasi.

NGUVU YA KOCHA

Oktoba 2022 nchini India, Serengeti Girls waliingia Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kwa mara ya kwanza. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali kabla ya kutolewa na Colombia kwa mabao 3-0.

Matokeo yale yalifungua milango. Mzazi ambaye zamani angemficha binti yake viatu vya mpira, leo anauliza kituo kizuri cha soka kiko wapi. Wavulana nao wanakua wakisikia habari za Mbwana Samatta, aliyetoka Mbagala hadi akacheza Ligi Kuu England.

Ndoto hiyo ndiyo inayompa kocha nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Yeye ndiye anayepanga kikosi. Yeye ndiye anayejua wakala na anayetoa jina la nani aende kwenye majaribio. Mtoto anajua kwamba neno moja la kocha linaweza kumweka benchi msimu mzima.

Mzazi naye anajua. Ndiyo maana kocha akisema "niachie huyu mtoto, nitamfikisha mbali", baba na mama hushukuru na wala hawaulizi atalala wapi.

Na mtoto akifanyiwa jambo baya, anapiga hesabu zake mwenyewe. Akisema, anapoteza namba na njumu alizonunuliwa, pengine na ada ya shule anayolipiwa na kituo. Zaidi anaogopa ataambiwa amemsingizia mtu anayeheshimika mtaa mzima. Anaamua kunyamaza.

WAVULANA NAO WAMO

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa wavulana, alikuwa mmoja kati ya saba.

Hesabu hiyo ya wavulana ndiyo inayosahaulika viwanjani. Timu ya wavulana 22 chini ya miaka 15 inapolala kambini, wengi wanaona hakuna la kuwaza kwa sababu hakuna msichana. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wavulana ndio walioficha zaidi: takriban nusu ya wasichana waliofanyiwa ukatili huo hawakumwambia mtu, na kwa wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi ya hapo.

Utafiti haukuwa wa michezo, ulikuwa wa nchi nzima. Lakini watoto wa michezo wanatoka kwenye nchi hiyohiyo.

YALIYOWAKUTA WENZETU

Wanaosema mambo haya ni ya timu zisizo na uongozi waangalie Uingereza. Novemba 2016, beki wa zamani Andy Woodward alijitokeza hadharani na kueleza alivyonyanyaswa kingono na kocha wa watoto, Barry Bennell, alipokuwa chipukizi. Baada yake wakajitokeza wengine wengi. Mwaka 2018 Bennell alihukumiwa tena kifungo kirefu.

Ripoti ya uchunguzi iliyosimamiwa na mwanasheria Clive Sheldon ilitoka Machi 2021. Iliangalia miaka ya 1970 hadi 2005 na kusema wazi kwamba chama cha soka cha England kilichelewa mno kuweka utaratibu wa kulinda watoto. Hiyo ndiyo nchi yenye ligi tajiri kuliko zote duniani.

Marekani nako, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, aliwadhuru wasichana kwa miaka mingi akijifanya anawatibu majeraha. Alipohukumiwa Januari 2018, zaidi ya wanawake na wasichana 150 walitoa maelezo mahakamani. Wapo waliodhuriwa huku mzazi akiwa chumbani humohumo, haoni kinachofanyika.

Somo la kesi zote mbili linafanana. Wahusika hawakuwa wageni waliovizia nje ya uzio. Walikuwa watu wanaopendwa na kusifiwa kwa kazi yao, na waliokuwa wakipewa ufunguo wa kila mlango.

England na Wales zilijifunza. Tangu Juni 28, 2022 sheria yao inamhesabu kocha wa michezo sawa na mwalimu: ni kosa la jinai kuwa na uhusiano wa kingono na kijana wa miaka 16 au 17 anayemfundisha, hata kijana aseme amekubali.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kocha aliyemwingilia binti wa umri huo hawezi kujitetea kwamba alikubali. Hilo ni kosa la kubaka, na kifungo chake hakipungui miaka 30.

UMRI WA KUGHUSHI

Kuna jambo moja ambalo mashabiki huliona kama ujanja wa mpira tu: kupunguza umri. Mijadala yake huishia kwenye haki uwanjani, nani kafungwa na "kijeba", na vipimo vya MRI vya kifundo cha mkono ambavyo FIFA ilianza kuvitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009.

Lakini mechi ni dakika chache tu. Kambi ni usiku kucha.

Kijana wa miaka 19 aliyeandikwa ana 14 hachezi tu na watoto wa miaka 13. Analala nao chumba kimoja na kuoga nao. Akiwaonea au kuwalazimisha mambo, makaratasi yanasema ni watoto wenzake. Kiongozi aliyeghushi cheti ili ashinde kombe la mtaa ndiye aliyemwingiza mtu mzima bwenini.

Ndiyo maana kupanga vyumba kwa umri wa kweli ni suala la ulinzi, siyo la kanuni za mashindano pekee. Mashindano ya shule kama UMITASHUMTA na UMISSETA huwakusanya wanafunzi wengi kutoka mikoa tofauti, mbali na nyumbani, kwa siku kadhaa. Mwalimu anayekagua mabweni usiku ana kazi kubwa kuliko anayepanga kikosi.

FIMBO NA MATUSI

Ukatili mwingine haujifichi. Unafanyika mchana kweupe, tena watu wakicheka.

Mtoto amekosa penalti, anachapwa. Amechelewa, anakimbizwa juani bila maji hadi anatapika. Kipa amefungwa bao la kizembe, anatukanwa mbele ya wadogo zake. Ukiuliza, utajibiwa kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Methali hiyo ni ya mzazi anayelea, haimpi ruhusa kocha kupiga watoto wa watu. Hata shuleni, kanuni za mwaka 2002 hazimruhusu kila mwalimu kuchapa atakavyo. Mamlaka ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Kocha wa mtaani hana mamlaka hayo wala hicho kitabu.

Mtoto aliyezoea kupigwa na kocha akiambiwa ni kwa faida yake, atashindwa kujua ni lini amevuka mpaka. Anayetaka kumdhuru zaidi humkuta ameshafundishwa kutii.

SAFARI ZA MAJARIBIO

Kisha anakuja mtu wa simu mbili. Anasema ni wakala, ana timu Ulaya, anataka kijana wa miaka 15, pasipoti na fedha kidogo za kuanzia.

Hapa kanuni ni rahisi kukumbuka. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wamehamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu soka. Anayeahidi kumsajili Ulaya mtoto wa miaka 15 anayeishi na wazazi wake Tabora, ama hajui kanuni au anazijua na anatapeli.

Wapo watoto wa Afrika walioachwa kwenye miji ya kigeni bila timu, tiketi ya kurudi wala mtu wa kumpigia simu. Mzazi asitoe pasipoti ya mtoto kabla shirikisho la soka halijathibitisha mwaliko.

CHA KUFANYA KESHO ASUBUHI

Mwaka 2019 FIFA ilizindua mpango wa FIFA Guardians wenye mwongozo kwa vyama wanachama kuhusu kulinda watoto. Lakini kituo cha watoto 40 hakihitaji kusubiri semina wala mfadhili. Mengi ni bure.

La kwanza ni watu wazima wawili. Mtoto asibaki na mtu mzima mmoja sehemu iliyofungwa, iwe gari, chumba au stoo ya vifaa. Daktari wa timu anapomkanda mtoto, mlango uwe wazi na mtu mwingine awepo, na mtoto aelezwe kabla ya kuguswa.

La pili ni daftari. Jina, umri wa kweli, namba ya simu ya mzazi, na nani ameruhusiwa kumchukua baada ya mazoezi.

La tatu ni simu. Ujumbe kwa watoto upite kwenye kundi la WhatsApp ambamo wazazi wamo. Kocha hana sababu ya kuchati na binti wa miaka 14 saa tano usiku.

La nne ni kambi. Wasichana wawe na kiongozi wa kike anayelala jengo hilohilo. Watu wazima walale vyumba vyao, hata kama godoro ni chache.

La tano ni mtu wa kuambiwa. Kila timu iwe na mtu mmoja asiyepanga kikosi, ambaye watoto wote wanamjua kwa jina. Mtoto hawezi kumshtaki kocha kwa kocha.

Makocha wengine husema masharti haya yanawadhalilisha. Ukweli ni kwamba yanawalinda wao pia. Kocha ambaye hajawahi kubaki peke yake na mtoto ni vigumu kumsingizia.

MTOTO AKISEMA

Siku mtoto akifungua mdomo, kinachofuata kinaweza kumwokoa au kumfunga mdomo maisha yake yote. Msikilize bila kumkatiza. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba si kosa lake. Usimwahidi siri, kwa sababu hutaweza kuitunza. Usimhoji mara kumi kama mpelelezi, na usimwite mtuhumiwa mkakabiliane naye hapo hapo.

Kama ameingiliwa, awahishwe hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya muda huo. Asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambako matibabu, polisi na ushauri hupatikana sehemu moja.

Taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa ofisa ustawi wa jamii au kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na ni bure. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe serikali za mitaa. Halibaki kuwa hiari ya uongozi wa timu.

Hapo ndipo kesi nyingi hufia. Wazee wanaitwa, kiasi fulani kinatajwa, mambo "yanamalizwa kifamilia" ili timu isichafuke. Kocha anahama wilaya. Miezi miwili baadaye ana filimbi mpya shingoni na watoto wapya mbele yake, na huko hakuna anayejua.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu timu ya watoto, kiongozi apige simu alikotoka na aulize swali moja: mngempokea tena?

Turudi kwenye kile kiwanja. Giza limeingia, dogo bado hajafuatwa. Kocha anafungua daftari, anampigia mama yake, anamwambia yuko na mtoto pamoja na msaidizi wake. Wanakaa watatu pembeni ya barabara, mahali penye taa, wakibishana kuhusu mechi ya Jumapili. Saa moja na robo kaka anatokea akihema, anaomba radhi.

Kocha anaweka tiki kwenye daftari, anawasha pikipiki na kwenda zake.