Kijana Wako Anakwenda JKT? Uandae Mwili Wake Kabla ya Begi



Ndugu msomaji, kila mwaka vijana wetu wanapomaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, majina ya wanaotakiwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria hutangazwa, na baada ya muda mfupi huripoti makambini. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Utaratibu wa lazima kwa wahitimu ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Mafunzo haya huchukua kiasi cha miezi mitatu, na kijana huitwa kuruta kuanzia siku anayofika.

Katika nyumba nyingi maandalizi huwa ni ya begi tu. Mama anatafuta shuka za bluu, baba anatafuta nauli, na kijana anatafuta raba. Hayo ni ya lazima, lakini mwili uliokaa darasani miaka miwili ukisoma usiku na kulala mchana unapelekwa kwenye mchakamchaka wa alfajiri, kwata ya masaa na kazi za jembe bila kuandaliwa. Wengi huumia katika wiki za mwanzo, na sababu mara nyingi ni kwamba wameanza kwa ghafla. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wana kheri. Kwa hiyo kuuandaa mwili si anasa.

KWANZA: VIPIMO KABLA YA SAFARI

Mpeleke kijana hospitali angalau mwezi mmoja kabla. Apimwe wingi wa damu, shinikizo la damu, mkojo, na aangaliwe moyo na mapafu. Kipimo kimoja husahaulika sana nacho ni cha selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu. Mwenye ugonjwa wenyewe mara nyingi familia inamjua. Anayesahaulika ni yule aliyerithi kinasaba kimoja tu kutoka kwa mzazi mmoja. Huyu huishi na afya yake kama wengine, huenda hajaumwa hata siku moja. Lakini akikimbizwa kwa nguvu sana huku mwili wake umekaukiwa maji, anaweza kuanguka ghafla na hata kupoteza maisha. Kujua hali hiyo hakumzuii kufanya mazoezi. Kunamfanya aanze taratibu, anywe maji, na asimame mara miguu inapoishiwa nguvu kwa namna isiyo ya kawaida.

Mwenye pumu, kifafa, kisukari, ugonjwa wa moyo au aliyewahi kufanyiwa upasuaji apewe barua ya daktari, aende na dawa za kutosha, na aikabidhi barua hiyo siku ya kwanza. Wapo vijana wanaoficha kwa kuogopa kurudishwa nyumbani, na wapo wazazi wanaowashauri waifiche. Jambo hili ni la hatari. Afande anayempigisha kuruta mbio hawezi kujua kwamba kifua chake kinabana mpaka aambiwe. Kuficha maradhi yanayoweza kuua si ushujaa, na dini yetu imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Mwenye ulemavu wa kuonekana, maelekezo ya JKT yamekuwa yakimtaka aripoti Ruvu, mkoani Pwani, ambako ipo miundombinu ya kumhudumia.

PILI: WIKI SITA ZA KUJIZOESHA

Misuli huzoea mazoezi haraka kuliko mifupa. Ndiyo maana kijana hujiona ana nguvu wiki ya pili, kisha wiki ya tatu au ya nne mfupa wa muundi unapata ufa mdogo. Dalili yake ni maumivu yanayoweza kuguswa kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi anapokimbia. Huyo hahitaji kuchuliwa, anahitaji kupumzishwa na kupimwa. Wasichana hupata tatizo hili zaidi, hasa wanaokula kidogo au ambao hedhi zao zimekatika.

Kinga yake ni kuanza mapema nyumbani:

Wiki ya 1 na ya 2: atembee kwa haraka dakika 30, siku nne kwa wiki. Baada ya sala ya Alfajiri ndio wakati mzuri, maana pia humzoesha kuamka mapema.

Wiki ya 3 na ya 4: achanganye, dakika mbili za kukimbia polepole na dakika mbili za kutembea. Aongeze pushapu chache kila siku.

Wiki ya 5 na ya 6: akimbie mfululizo dakika 20 hadi 30, na siku moja kwa wiki atembee saa moja akiwa amebeba begi la kilo tano.

Kila wiki iwe na siku moja ya mapumziko kamili. Raba atakazokwenda nazo azivae katika mazoezi haya. Kiatu kipya kisivaliwe kwa mara ya kwanza kambini.

TATU: MIGUU

Malengelenge humtoa kuruta kwenye mstari mara nyingi. Husababishwa na msuguano, joto na unyevu. Soksi ziwe ndefu na ziwe jozi za kutosha ili ya jana ifuliwe na ikauke juani. Kucha zikatwe kwa kunyooka, zisichimbwe pembeni. Lengelenge lisilouma sana liachwe lilivyo, lifunikwe kwa plasta. Likipasuka lenyewe, lioshwe kwa maji safi na sabuni, ile ngozi ya juu isichunwe maana ndiyo kifuniko chake. Wekundu unaopanda mguuni pamoja na homa ni dalili ya uchafu kuingia mwilini, aende zahanati ya kambi siku hiyohiyo.

Fangasi wa vidole na wa mapajani nao hupenda unyevu. Hapa Uislamu umetutangulia. Katika Hadithi ya Laqit bin Sabira (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, tumefundishwa kupitisha vidole baina ya vidole wakati wa udhu. Kuruta afanye hivyo kila udhu, kisha aongeze jambo moja: akaushe kwa kitambaa baina ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Kuosha mara tano bila kukausha, kisha kufunga miguu ndani ya buti, ni kuwakaribisha fangasi.

Wengi huuliza kuhusu kupangusa juu ya buti. Katika madhehebu ya Imam Shafi, buti linalofunika vifundo vya miguu, lililo tohara na lililovaliwa mtu akiwa na udhu kamili, linaweza kupanguswa, na muda wa mkazi ni usiku mmoja na mchana wake. Soksi nyepesi peke yake hazina hukumu hiyo katika madhehebu hayo. Ruhusa hii ni rehema wakati wa paredi na doria. Lakini ruhusa si amri. Akipata nafasi jioni avue, aoshe na aiache miguu ipate hewa. Hukumu za mwenye jeraha lililofungwa, na za tayammum iliyotajwa katika Surat al-Maida aya ya 6, akae na shekhe wake azisome kabla ya safari.

NNE: JOTO, MAJI NA BARIDI

Katika nchi za kaskazini makuruta wa vyuo vya kijeshi huanza mafunzo katikati ya majira ya joto. Kwetu mwezi Juni hadi Agosti ni kipupwe. Anayepelekwa Mafinga, Mlale au Oljoro aende na sweta na nguo za baridi za kutosha. Makutupora, Dodoma, asubuhi kuna upepo wa baridi na mchana jua kali. Kipupwe kisimdanganye mtu. Mwili unaokimbia hutengeneza joto lake wenyewe, na huhitaji kiasi cha wiki mbili kuzoea kazi ngumu juani.

Anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima. Kipimo chake ni mkojo: ukiwa wa rangi ya majani makavu uliofifia ni vizuri, ukiwa wa rangi ya chai aongeze maji. Hata hivyo asinywe zaidi ya lita moja na nusu kwa saa moja, maana maji mengi kupita kiasi bila chakula hupunguza chumvi ya damu na huweza kuleta degedege. Asiruke chakula. Pakiti chache za ORS ziwe begini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi.

Kuruta akianza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka au kuzimia huku mwili unawaka moto, hiyo ni hatari ya kufa. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mengi mwili mzima na apepewe hapohapo, huku msaada ukiitwa. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui. Apoozwe kwanza, asafirishwe baadaye.

Na mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola baada ya mazoezi makali, misuli imevunjika na figo ziko hatarini. Asisubiri kesho. Kwa sababu hiyohiyo aache kumeza ovyo diklofenaki na ibuprofeni ili aweze kukimbia. Dawa hizo na mwili uliokauka maji huumiza figo. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo abaki navyo mbali.

TANO: MAISHA YA HANGA

Vijana wengi kulala hanga moja kunarahisisha maradhi kuambukizana. Taulo, wembe, mswaki, soksi na chupi havishirikiwi hata na rafiki mpenzi. Muwasho unaozidi usiku, hasa baina ya vidole na kiunoni, ni upele. Watibiwe wote wanaolala karibu siku moja, na nguo zifuliwe na kuanikwa juani, vinginevyo utazunguka hanga zima.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Istinjai tumeamrishwa, lakini maji bila sabuni hayatoshi kwa mkono unaokwenda kwenye sahani. Kuhara maji mengi mfululizo ni jambo la kuripoti palepale.

Chandarua asiache kukitumia hata ikisemwa mbu hakuna. Kijana aliyekulia Arusha au Iringa akipangiwa Kigoma au Tanga mwili wake haujaizoea malaria, na itampiga kwa nguvu. Homa yoyote apimwe ndani ya saa 24, na dawa amalize dozi. Homa pamoja na kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, hiyo haisubiri hata asubuhi. Wanaokwenda Bulombora au Rwamkoma wajihadhari na kuogelea au kufua wamesimama ndani ya maji ya ziwa, mito na madimbwi, kwa sababu ya kichocho.

SITA: WASICHANA

Mama akae na binti yake. Aende na pedi za miezi mitatu, au za kitambaa ambazo zitafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, zisifichwe chini ya godoro zikiwa mbichi. Mwenye hedhi nzito apimwe damu mapema na apewe vidonge vya madini ya chuma, maana mbio na upungufu wa damu haviendi pamoja. Kuhusu stara, mara nyingi orodha ya mavazi imejumuisha traki suti. Mzazi asome orodha ya mwaka husika, na binti aulize kwa adabu nafasi ya kuivaa. Na ajue kwamba akifanyiwa jambo la kumvunjia heshima, na mtu yeyote awaye, ana haki ya kukataa, kuripoti kwa viongozi wa kambi na kuwaambia wazazi wake.

SABA: IBADA NA MOYO

Afike akijua sala zake na adhkari zake kwa moyo, maana wakati wa kutafuta kitabu huenda asiupate. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia mwanzoni mwa mwaka, hivyo haikutani na mafunzo haya. Funga za Sunna ni kheri, lakini katika wiki za mwanzo za mbio na jua aziahirishe. Mwili nao una haki juu yake.

Usiku wa kwanza kulia si ajabu, kupiga kelele kwa maafande kunatisha. Kwa wengi hali hiyo hupungua wakipata marafiki na kuzoea ratiba. Lakini asiyelala siku nyingi, anayekataa chakula au anayezungumzia kujidhuru apelekwe kwa mganga wa kambi, wenzake wasimcheke. Nyinyi wazazi, mkipata simu yake msianze na kumuuliza kama anakazana. Muulizeni kwanza miguu ikoje, anakunywa maji, na mkojo una rangi gani. Atacheka, lakini atajua kwamba akiumwa anaweza kuwaambia.

Tunamuomba Allah (s.w.) awalinde vijana wetu, awarudishe wakiwa wazima na wenye manufaa kwa dini yao na nchi yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.